Gofu ya diski: diski ya bingwa haimfai mwenye kuanza

Mwezi wa pili 2021, Mmarekani Paul McBeth alisaini na kampuni Discraft mkataba wa miaka 10, wenye thamani ya dola milioni 10. Kazi yake ni kurusha diski za plastiki. Mojawapo ya diski zenye jina lake, Zeus, ni ya kwenda mbali sana. Kijana mwenye kuanza akiinunua, itamwendea karibu kuliko ile ya bei nafuu aliyoipita dukani.

Kwa wasiojua mchezo huu: unafanana na gofu, lakini unarusha diski mpaka iingie katika kikapu cha chuma chenye minyororo. Mwenye mitupo michache ndiye anashinda. Kiwanja cha kwanza cha kudumu kilifunguliwa California mwaka 1975, huko Oak Grove, na Ed Headrick, ambaye pia ndiye alibuni kikapu hicho. Diski zenyewe si frisbi za watoto. Ni ndogo, ni nzito, na tangu 1983, wakati Dave Dunipace alipoleta ukingo mwembamba wenye kukata hewa, zinaenda mbali sana.

Kwenye diski nyingi utaona nambari nne: mwendo, kuelea, kupinda na kurudi. Leopard ya kampuni Innova ina 6, 5, -2 na 1. Destroyer, ya kampuni hiyohiyo, ina 12, 5, -1 na 3. Kwa mwenye kutumia mkono wa kuume na kurusha akianzia kifuani, nambari ya tatu inaonyesha diski itapinda kiasi gani kuume ikiwa bado ina nguvu. Ya nne inaonyesha itarudi kiasi gani kushoto nguvu ikipungua.

Wengi hawaambiwi kwamba nambari hizo ni za kweli kwa mkono wenye mwendo unaolingana na nambari ya kwanza tu. Mwenye moto anaelewa haraka: ukitia vitesi ya tano wakati moto inatambaa, mashini inazimika. Destroyer ikitupwa polepole haipindi kuume hata kidogo. Inakata kushoto na kuanguka.

Kwa hiyo mwenye kuanza anahitaji diski tatu hivi: moja ya kumalizia karibu na kikapu, moja ya katikati kama Buzzz, na moja kama Leopard ya kwenda mbali kidogo. Za plastiki ya kawaida zinauzwa Marekani kwa dola 10 hivi kila moja. Kati ya wachezaji kuna kanuni: usiguse diski yenye mwendo unaopita 9 mpaka ufikishe mita 90 na zile za chini.

Siku moja Leopard iliyokuwa inaenda vizuri itaanza kupinda kuume bila kurudi. Hapo wengi wanafurahi na kukimbilia dukani. Wangoje kidogo. Labda mkono umepata nguvu, lakini labda diski imechoka: plastiki ya bei ndogo ikigonga miti mara nyingi, inapinda zaidi. Omba Leopard mpya ya mwenzako, yenye uzito na plastiki sawa na yako, uirushe vilevile. Nayo ikipinda, ni mkono wako. Ikinyooka, ni miti.

Kama ni mkono, panda ngazi moja tu. Teebird, yenye 7, 5, 0 na 2, inatosha. Na ile Leopard iliyochoka usiitupe, maana itakusaidia kuzunguka mti ulio upande wa kushoto.

Kuna pia kosa ambalo hakuna diski inaweza kuliponya: kurusha huku ukingo wa mbele umeinuka. Diski inapanda, inasimama hewani, inaanguka kushoto. Mtu anadhani anahitaji diski nyingine, kumbe anahitaji kushusha kifundo cha mkono. Kwa maoni yangu, feza nyingi za mchezo huu zinapotea hapo.

Ile ya kumalizia, ukiisha kuizoea, usiibadilishe kwa sababu ya kuendelea mbele. Pale karibu nguvu haina kazi kubwa. Vidole ndivyo vinakumbuka.

Tena kuna hewa. Katika muji wa Denver, ulio mita 1600 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi na diski zinarudi kushoto mapema kuliko pwani. Goma iko karibu mita 1500. Atakayejaribu mchezo huu kando ya Ziwa Kivu achague diski yenye kupinda zaidi kuliko ile ambayo mchezaji wa pwani angemshauri.