GPS Pekee Haiunganishi Vyombo Angani

Kila yanapozuka mazungumzo ya vyombo vya anga hapa Kipkelion, swali ni lile lile: ikiwa GPS ya simu humfikisha mwanabodaboda hadi langoni kwa mteja, kwa nini chombo kinachoenda Kituo cha Kimataifa cha Anga kibebe leza na kamera? Nimeulizwa na wanafunzi, wazazi, hata walimu wa fizikia. Sasa imetosha.

GPS ya simu hukosea kwa mita kadhaa. Mwanabodaboda hufika kwa kuwa ana macho. Vyombo vinapogusana angani, kosa hupimwa kwa sentimita. Ukifunga vipokezi kwenye vyombo vyote viwili na kulinganisha vipimo, kosa hupungua, lakini ukikaribia kituo, paneli zake kubwa huziba mawimbi na kuyarudisha ovyo.

Anayebisha aangalie yaliyoipata DART, chombo ambacho NASA ilikirusha Aprili 2005 kiisogelee chenyewe setilaiti MUBLCOM. Kipokezi chake cha GPS kilikosea kasi kwa takriban mita 0.6 kwa sekunde. Kompyuta ikawa inajianzisha upya, na kila mara inalichukua tena kosa lile lile. DART ikapita kando ya mahali ambapo kihisi cha mwanga kilipaswa kuanza kupima umbali. Kihisi kilikuwepo, hakikupewa nafasi. DART ikaigonga MUBLCOM kwa mwendo wa mita 1.5 kwa sekunde, na mafuta yakamalizika mapema. Baada ya hapo bado mtu aniambie GPS inatosha?

Kihisi hicho kilimulika kwa leza za nanomita 800 na 850. Vioo vilivyobandikwa kwenye setilaiti vilirudisha mwanga ulikotoka, kama reflekta za jaketi la bodaboda, ila vilikuwa na kichujio kilichopitisha 850 na kumeza 800. Kamera hupiga picha mbili, moja kwa kila leza, na kompyuta hutoa moja katika nyingine. Jua, mawingu ya dunia na bati linalong'aa hufutika. Vinabaki vidoa vya vioo tu. Mpangilio wa vidoa hivyo hueleza umbali, na pia jinsi setilaiti ilivyoinama. ATV, chombo cha mizigo cha Ulaya, ilitumia GPS hadi mita 250 hivi, kisha ikaongozwa na leza na vioo, ikajiunganisha na kituo tarehe 3 Aprili 2008.

Setilaiti yetu 1KUNS-PF, ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ilipanda Aprili 2018 ndani ya chombo cha mizigo Dragon kwenda kituoni. Leza na kamera za joto ndizo zilizoiongoza Dragon hadi mkono wa roboti ukaikamata.

Basi, kwa kifupi: mbali, GPS au rada. Karibu, leza ya kupima umbali. Mita za mwisho, kamera na vioo. Lengo lisilo na vioo, kama kipande cha roketi ambacho ADRAS-J ya Japani ilikisogelea hadi mita 15 hivi mwaka 2024, lataka kamera na programu inayotambua umbo. Na usitegemee kihisi kimoja.

Walimu wenye vilabu vya sayansi, kuijaribu kanuni hii ya vioo, bandikeni reflekta nne za baiskeli ukutani usiku, tulizeni simu, pigeni picha moja kwa flashi na nyingine bila, kisha wanafunzi watoe moja katika nyingine kwa kompyuta.