Picha za Kutoka Angani na Mashamba Yetu

Ndugu wanachama, baadhi yenu mmetuuliza namna picha za setelaiti zinavyoweza kuonyesha mji ukiingia mashambani. Twaeleza kwa kadiri tujuavyo.

Setelaiti ni chombo kizungukacho dunia huku kikiipiga picha. Landsat ya kwanza ya Wamarekani ilirushwa mwaka 1972. Zilizopo leo, kila moja hurudi mahali pale pale baada ya siku 16. Watu wa Ulaya nao wana Sentinel-2, ambayo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015. Picha zao hutolewa bure.

Jani lililo hai hurudisha kwa wingi mwanga fulani ambao jicho la mtu halioni. Bati na saruji havifanyi hivyo. Palipokuwa na miti, pakiezekwa mapaa, alama ya mahali hapo katika picha hubadilika.

Lakini picha moja haitoshi. Wengi mwakumbuka Samunge, huko Ngorongoro, bara, mwaka 2011, watu walipomiminika kunywa kikombe cha Babu. Kijiji kilijaa magari na vibanda. Kisha watu wakapungua, wakenda zao. Mwenye kutazama picha ya siku zile tu angelidhani mji umezaliwa. Kwa hiyo hulinganishwa picha za miaka mingi, ipate kujulikana kilichobaki.

Hapa kwetu waliokuja wamebaki. Katika hesabu ya mwaka 2012 Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678. Mwaka 2022 walikuwa 893,169. Na ubaya ni huu: udongo mzuri wa Unguja uko upande wa magharibi, na mji uko huko huko; mashariki ni uwanda wa mawe. Mji ukitanuka kwenda Fuoni au Kianga, hula ardhi ya kulima. Eka tatu tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, nyingi zilizo karibu na mji zimekwisha katwa viwanja. Muuzaji hatumlaumu upesi. Kiwanja hulipwa leo, na mche wa mkarafuu humngojesha mtu miaka.

Hata hivyo picha hizi zina upungufu. Nukta moja ya Landsat ni mita 30 kwa 30, nyumba na miti humo huchanganyika. Ya Sentinel ni mita 10. Mawingu ya masika huziba kila kitu, na kibanda kilicho chini ya minazi hakionekani. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa msaada wa Benki ya Dunia, walirusha ndege ndogo zisizo na rubani juu ya visiwa vyetu. Hizo hupita chini ya mawingu, na paa moja moja huonekana.

Lakini hata ndege hizo hazijui mpaka wa shamba ni mwembe upi, wala shamba ni la nani. Tena kijani si lazima kiwe mkarafuu: shamba lililoachwa likaota magugu nalo ni kijani. Hayo ayajuaye ni mwenye shamba na wazee waliopakana naye.

Basi twaomba kila mwanachama atuletee idadi ya mikarafuu yake, mwaka iliopandwa, na majina ya majirani zake wa pande nne. Wenye mashamba yaliyopakana na viwanja waanze wao. Daftari liko kwa katibu.