Kidonda Kisipone kwa Usiku Mmoja

Likizo ni ndefu na watoto wamechoka na televisheni. Jaribuni mchezo wa hadithi: mzazi anasimulia, kila mtoto ni mhusika, dadu inaamua. Chanzo chake ni Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974. Kwa kanuni zake za sasa, aliyekatwa panga hulala usiku mmoja akaamka mzima. Mtoto anaona kupigana hakuna hasara.

Badilisheni mambo mawili. Kwanza, jeraha lipone kwa siku saba za hadithi. Aliyeumia ndani ya Mapango ya Amboni abebwe na wenzake mpaka mjini. Pili, anayemwita jini arushe dadu: ikionyesha moja, uchawi umrudie mwenyewe.

Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, aliandika hivyo katika Adili na Nduguze. Ndugu wenye husuda waligeuzwa manyani, na Adili, aliyewapenda, akalazimika kuwachapa kila usiku.

Mtoto akimbeba mwenzake aliyejeruhiwa, muulizeni: ugomvi ule ulikuwa na lazima? Mwacheni ajibu mwenyewe.