Gari la cc 2500, dereva wa miezi mitatu

Mvua ya vuli ilikuwa imenyesha kwa dakika kumi tu, ile mvua ya kwanza ambayo hailoweshi ardhi lakini inaamsha vumbi na mafuta yote yaliyolala juu ya lami. Ilikuwa mwaka 2017. Nilikuwa nimetoka Mwenge, Dar es Salaam, naelekea Tegeta kwa Barabara ya Bagamoyo, nimeshika usukani wa Mark X ya mjomba wangu aliyekuwa amesafiri kwenda Mwanza. Leseni yangu ilikuwa na miezi mitatu. Nilipopita Tangi Bovu barabara ilikuwa nyeupe, nikakanyaga mafuta, na lile gari likaitika kwa namna ambayo gari la kujifunzia halikuwahi kuitika hata mara moja. Mgongo ulibanwa kwenye kiti. Nakumbuka nilicheka peke yangu.

Karibu na kituo cha Afrikana bajaji ikachomoza kutoka barabara ya mtaani. Niliondoa mguu kwenye mafuta kwa ghafla, nikabana breki kwa nguvu zote, nikakata usukani kulia. Nyuma ya gari ikaanza kuja mbele. Sina maneno mengine ya kulieleza jambo lile: niliona kwa dirisha la pembeni barabara ambayo sekunde moja kabla ilikuwa mbele yangu. Gari lilizunguka, likagonga ukingo wa katikati, likarudi kushoto, na likaishia mtaroni, pua chini, wipa zikiendelea kufuta kioo.

Hakuna aliyeumia. Mwenye bajaji alikuwa ameshapita zake. Mama mmoja aliyekuwa akiuza chakula pale kituoni alinipa maji kwenye kikombe cha plastiki, akanikalisha kwenye benchi lake. Vijana wakajaa. Mmoja akasema kwa sauti ya kunihurumia kweli, "Dogo, mkoko huu wa nani lakini?" Alikuwa ameshajua kwamba si wangu.

Nimelisimulia tukio hili mara nyingi, na kila ninapolisimulia watu hujibu kwa la kwao. Kuna aliyeparamia matuta ya rasta ya Mbagala na Subaru ya turbo akidhani ni kivuli cha mti. Kuna aliyetoka na Crown ya baba yake usiku wa harusi, akarudi nayo juu ya bredauni. Kutoka Bunju hadi Mwenge, kutoka Chamazi hadi Chang'ombe, karibu kila familia yenye gari ina kijana aliyekula mzinga katika mwaka wake wa kwanza barabarani. Tunazisimulia ajali hizi kama tunavyosimulia surua ya utotoni, jambo ambalo lazima mtoto alipitie. Mimi naamini tunakosea, na nitaeleza kwa nini.

Nilimpigia mjomba simu nikiwa bado kwenye lile benchi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona sauti hivyo?"

"Mjomba, gari nimeliingiza mtaroni."

Alinyamaza kidogo. "Wewe mzima?"

"Mzima."

"Umemgonga mtu?"

"Hapana."

"Basi gari ni bati. Litanyooshwa."

Sitamsahau kwa maneno yale. Lakini siku zilizofuata, pole zilipokwisha na nyumba ikatulia, hakuna aliyeniuliza nilifanya nini kwa mguu wangu na mikono yangu pale Afrikana. Aliyeniuliza ni fundi. Alikuwa mtu mzima mwenye gereji ya uchochoroni, na kabla hajagusa bampa alichuchumaa kwenye tairi la nyuma, akalisugua kwa kitambaa, akanionyesha tarakimu nne zilizochongwa ubavuni: 2308. "Wiki ya 23, mwaka 2008," akasema. "Hili tairi lina miaka tisa, mdogo wangu. Kashata bado linazo nyingi, lakini mpira wake umeshakuwa mgumu kama soli ya kiatu. Kwenye maji halishiki." Kisha akawasha swichi, akanionyesha taa ya manjano kwenye dashibodi, taa ya mfumo unaozuia gari lisiteleze. Ilikuwa inawaka tangu gari linunuliwe. Sote pale nyumbani tuliizoea kama tulivyozoea saa ya ukutani iliyosimama.

Halafu akanifundisha kwa kutumia kiganja chake juu ya boneti. Mark X iliyoanza kutengenezwa mwaka 2004 ina injini ya V6, cc 2500, nguvu farasi mia mbili na ushee, na nguvu hizo, kwa matoleo mengi, zinakwenda magurudumu ya nyuma. Vitz niliyojifunzia ilikuwa ya cc 1000, nguvu zake hazifiki hata nusu ya hizo, na zinavuta kwa magurudumu ya mbele. Gari la kuvutwa mbele ukilizidishia mwendo kwenye kona ya utelezi, kwa kawaida litakwenda moja kwa moja. Ukipunguza mafuta linarudi. Gari la kusukumwa nyuma, ukiondoa mguu ghafla na kubana breki huku umekata usukani, uzito unahamia mbele, nyuma inakuwa nyepesi, na nyuma nyepesi inataka kupita mbele. "Ulifanya vyote vitatu kwa pamoja," fundi akasema. Hakuwa ananilaumu. Ndiyo mara ya kwanza mtu kunieleza kwamba ajali yangu ilikuwa na sababu zinazohesabika.

Sasa tazama jinsi tunavyompata dereva. Anachukua leseni ya kujifunzia, anakwenda chuo cha udereva, anazunguka wiki kadhaa na Corolla ya zamani au Vitz, anajifunza alama, kuondoka kwenye kilima na kupaki kwa rivasi. Anapimwa na polisi wa usalama barabarani, analipa TRA, anapewa kadi. Daraja D humruhusu kuendesha gari dogo la binafsi, na hapo neno "dogo" linabeba Passo ya cc 996 na Crown Athlete ya cc 3500 yenye nguvu farasi zaidi ya 300. Kadi ni ileile. Asubuhi anatoka chuoni na Vitz, jioni anaweza kukaa kwenye Crown kihalali kabisa.

Ajabu ni kwamba serikali yetu inaujua ukubwa wa injini vizuri sana linapokuja suala la kodi. Gari likishuka bandarini, ushuru wa bidhaa hutazama ujazo: lililo juu ya cc 2000 hutozwa kiwango kikubwa kuliko lililo chini yake. Kwa hiyo kitabu cha forodha kinajua kwamba Mark X na Vitz si kitu kimoja. Kitabu cha leseni hakijui.

Wenzetu wameshalishughulikia jambo hili. New Zealand ilianza mwaka 1987 kutoa leseni kwa hatua, ikiwa ya kwanza duniani: dereva mpya haruhusiwi kuendesha peke yake saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, wala kubeba marafiki bila dereva mzoefu kando yake. Katika jimbo la New South Wales, Australia, dereva mpya haruhusiwi gari lenye nguvu kupita kilowati 130 kwa kila tani ya uzito. Kwa kipimo hicho Mark X ya cc 2500 ingepita, lakini Crown ya cc 3500 ingezuiwa. Hizo ni nchi ambazo miji yake mingi ina taa za barabarani na njia za miguu. Sisi tuna Kilwa Road, yenye malori ya bandarini, daladala, mikokoteni, bodaboda zinazokuja upande usio wao, na mchanga unaomwagika juu ya lami kila mvua inapokatika.

Mapenzi ya vijana kwa magari haya nayaelewa, na wala sitaki kuyadharau. Afrika Mashariki ilizaliwa na mbio za magari masikioni. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh aliyeishinda mwaka 1965, 1974 na 1976 alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, na ile Volvo aliyoshinda nayo mara ya kwanza ilikuwa mtumba. Subaru Impreza ya Colin McRae iliyoshinda mwaka 1997 ndiyo iliyopandisha jina la Subaru katika vichwa vya baba zetu, na baba zetu wakatupandishia sisi. Ukimwona kijana wa Mikocheni au Tandika akisikiliza mlio wa turbo akiwa amefumba macho, ujue anasikiliza historia ndefu. Ila dereva wa rali amefungwa mikanda ya pointi nyingi, amevaa kofia ngumu, amezungukwa na kizimba cha chuma, na kando yake amekaa mtu anayemsomea kila kona kabla haijafika. Kijana wetu kando yake amekaa rafiki anayerekodi kwa simu na kumwambia "ikanyage".

Na rali za siku hizi zinafungiwa barabara; yetu sisi ina watu. Hili ndilo linaloninyima usingizi zaidi ya bati la mjomba. Kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari linakwenda mita 14 kwa sekunde. Ukishtuka na kuchukua sekunde moja tu kabla mguu haujafika kwenye breki, umeshapita urefu wa Coaster mbili zilizopangwa. Kwenye kilomita 100 umepita Coaster nne, na hapo breki ndiyo kwanza inaanza kazi. Masafa ya kusimama kutoka hapo ni mara nne ya yale ya kilomita 50. Shirika la Afya Duniani linasema mtembea kwa miguu anayegongwa na gari la kilomita 65 kwa saa ana hatari ya kufa mara nne na nusu ya ile ya anayegongwa na la kilomita 50. Shirika hilohilo linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Malaria tunaijua, tunaifungia chandarua. Hii hatujaifungia kitu.

Mwendo wa kisheria maeneo ya makazi ni kilomita 50. Kila kijana anaujua, na kila kijana anajua pia tochi ya trafiki inakaa wapi, kwa sababu madereva wanaotoka upande wa pili wanawasha taa kumtahadharisha. Anapunguza, anapita, anakanyaga tena mita mia mbili mbele, mbele ya geti la shule. Jiji hili limewahi kuonyesha kwamba linaweza kufanya jambo. Mpango wa SARSAI wa shirika la Amend, uliojenga matuta, vivuko na njia za miguu karibu na shule za msingi, ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross mwaka 2019, na Dar es Salaam ikasifiwa mbele ya dunia. Tuta halimuulizi dereva ana umri gani wala anaendesha nini. Linampunguza.

Tunao pia msiba ambao taifa zima linaukumbuka. Tarehe 26 Novemba 2012 msanii Sharo Milionea alifariki Muheza, Tanga, katika ajali ya gari aina ya Harrier alilokuwa akiliendesha mwenyewe. Alikuwa bado kijana wa miaka ya ishirini. Simtaji kwa kumhukumu, maana barabara ile ina mambo yake na aliyekuwamo ndani hayupo kutueleza. Namtaja kwa sababu siku ile nchi ililia, vijana wakaapa kupunguza mwendo, na kiapo hakikufika Krismasi.

Mjomba aliporudi kutoka Mwanza alifanya jambo ambalo sikulipenda. Alichukua ufunguo wa Mark X akauweka kwenye kabati lake la nguo kule Mtoni Kijichi. Kisha akaazima Vitz ya dada yake, na kila Jumapili alfajiri, kwa miezi mitano, akakaa kiti cha kushoto tukizunguka Kijichi, Mbagala Rangi Tatu, Kongowe na kurudi. Aliweka masharti matatu: hakuna usiku, hakuna rafiki, hakuna simu. Mvua ikinyesha ndiyo alifurahi zaidi. Tulitafuta uwanja wa wazi, akanifanya nibane breki tena na tena hadi mguu ukajua wenyewe pale tairi linapoachia. Hakuwa amesoma habari za New Zealand. Alikuwa ameendesha malori ya Tunduma kwa miaka ishirini.

Ndipo nilipojua kwamba ule mtaro wa Afrikana haukunifundisha kitu. Uliniogopesha tu, na woga wa ajali kwa kijana hudumu wiki mbili. Kilichonifundisha ni fundi aliyenionyesha tairi na mjomba aliyekaa kushoto. Wengi wanaopata mzinga wa kwanza hawapati hata mmoja wa hao wawili. Gari linanyooshwa, linapigwa rangi, bima kubwa ikilipa watu wanashukuru, na ufunguo unarudi kwenye mkono uleule usiojua kilichotokea.

Kwa hiyo nasema wazi: daraja D la leseni ligawanywe. Mwaka wa kwanza dereva mpya asivuke cc 1500, kipimo kinachosomeka kwenye kadi ya gari bila mtambo wowote, na trafiki anaweza kukikagua kwa sekunde tano. Wanaotaka kuendesha magari yenye injini kubwa zaidi wapimwe tena, kwenye maji, na gari la aina watakayoendesha.

Na kabla sheria haijafika, wewe mzazi, shangazi, kaka mkubwa mwenye Crown au Forester uani, tazama tarakimu nne kwenye matairi yako leo hii. Tazama taa gani inawaka kwenye dashibodi. Kisha mtafutie kijana wako Vitz ya kuazima, na Jumapili hii uamke alfajiri ukae naye kushoto.