CNC yako inachimba kina kisichoeleweka? Kagua mhimili wa Z

Umeifunga mota mashine ya kuchonga chuma ya mkono, ikawa CNC. X na Y zinaenda freshi, ila Z, mhimili wa juu na chini, unazingua: shimo la kwanza milimita 5, la kumi milimita 6. Usikimbilie kununua mota mpya.

Kwa nini Z?
Z inabeba uzito wa kichwa kizima. Stepa mota nayo hupoteza nguvu kadiri inavyozunguka haraka. Ikishindwa kupandisha, inaruka hatua bila kompyuta kujua. Kichwa kinabaki chini zaidi, kina kinaongezeka.

Pima hivi
1. Chora mstari wa kalamu kutoka shafti ya mota hadi kwenye kaplingi. Ukiachana, kaplingi inateleza. Kaza skrubu zake.
2. Weka geji ya saa, pandisha na kushusha milimita 50 mara 20. Rudia kwa nusu spidi. Kosa likiisha, mota ilikuwa inazidiwa.
3. Kosa lipo lakini haliongezeki? Nati ya skrubu au beringi inacheza.
4. Geji iko sawa? Angalia kisu. Huenda kinateleza kwenye kishikio.

Mota ikizidiwa
Weka oili kwenye reli, legeza kidogo kama zimebana, kisha punguza spidi. Shoku ya gesi ya buti ya gari inaweza kusaidia kubeba kichwa.

Chunga mkono
Kabla ya kuzima umeme au kufungua kaplingi, weka gogo chini ya kichwa. Bila umeme mota haikishikilii, kinaweza kukushukia.