Udongo Uliovuliwa Nguo

Mvua ya kwanza ya Desemba ikishakatika, chuchumaa kando ya nyumba yoyote ya udongo kati ya Mpwapwa na Kondoa. Utaona ukanda mwekundu umepanda ukutani hadi kwenye goti la mtoto. Hakuna aliyeupaka. Ni matone yaliyopiga ardhi tupu yakarusha udongo juu. Sogea uwanjani utazame chini: vijiwe vidogo vimekaa kila kimoja juu ya kijiguzo cha udongo. Kijiwe kilikinga kilichokuwa chini yake, na pembeni kote udongo umeshakwenda. Urefu wa kile kijiguzo ndio kina cha kilichopotea.

Tone kubwa la mvua huanguka kwa kasi ya mita 9 hivi kwa sekunde. Likikuta jani au nyasi, nguvu zake huishia hapo. Likikuta udongo uchi, huvunja mabonge madogo madogo yaliyoushikilia, na vumbi lake laini huziba vitundu ambavyo maji yangepitia. Juu hubaki gamba gumu. Maji yakikosa mlango wa kuingilia, hushuka mteremko na kuondoka na udongo. Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote huja kwa miezi michache, kwa vishindo.

Jambo hili lilipimwa mapema sana hapahapa kwetu. Katika miaka ya 1930, mtafiti R. R. Staples alitenga vipande vya ardhi katika kituo cha mifugo cha Mpwapwa, mteremko mmoja na mvua moja. Tofauti ilikuwa vazi tu. Kipande kilichoachwa kitupu kilipoteza nusu ya mvua yote iliyokiangukia, pamoja na tani 146 za udongo kwa hekta kwa mwaka, ambazo ni karibu sentimita nzima ya ardhi. Kilicholimwa nafaka kilipoteza robo ya mvua na tani 78. Kilichofunikwa na nyasi kilipoteza asilimia 1.9 tu ya mvua, na cha kichaka kisicholishwa mifugo asilimia 0.4, na udongo wa vyote viwili ulibaki mahali pake. Mteremko wenyewe ulikuwa mdogo, ambao mpita njia angeuita tambarare.

Mimi hurudi kwenye namba hizo kila nikisikia kwamba shida ya Dodoma ni mvua chache. Mvua ni chache, kweli. Lakini shamba linalofukuza nusu ya maji yake limejiongezea ukame lenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala, akiwemo Anders Rapp, walipima matope yaliyojaa kwenye mabwawa ya Dodoma. Bwawa la Ikowa, lililojengwa mwaka 1957, lilikadiriwa kujaa kabisa baada ya miaka 30 hivi. Waligundua pia jambo ambalo macho hayalioni kwa urahisi. Korongo hutisha kwa sababu lina kingo na kina, lakini sehemu kubwa ya udongo ilitoka juu zaidi, kwenye miteremko iliyo wazi, ikichukuliwa na maji membamba yanayotambaa bila kuchimba chochote.

Kondoa ilikuwa imefika pabaya kuliko kwingine. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa matuta, makinga maji na miti. Havikutosha. Mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo yote, karibu 90,000, itolewe katika eneo la kilomita za mraba 1,256 la milima ya Irangi. Nyasi zilirudi, vichaka vikafuata, na mito ya mchanga ikaanza kutulia. Ni mafanikio makubwa, na yalilipiwa na familia za Warangi: maziwa yaliondoka, samadi ikaondoka, na ng'ombe wa mahari akawa wa kutafutwa mbali. Miaka kumi hivi ilipita ndipo ng'ombe wa kufungiwa bandani wakaruhusiwa. Muda huo ulikuwa mrefu mno.

Na lawama zote hazikuwa za mfugaji. Chembe ya mchanga ikifukiwa, hutunza ndani yake alama ya siku ya mwisho ilipoona jua, na maabara inaweza kuisoma. Tabaka za udongo za Haubi, katika milima hiyo ya Irangi, zilipopimwa hivyo, zilionyesha mmomonyoko wa zaidi ya miaka 11,000 iliyopita, kabla ya jembe, kisha mwingine ulioanza miaka 900 hivi iliyopita.

Milima mirefu huumia kwa namna nyingine. Tarehe 23 Februari 1970, huko Mgeta katika milima ya Uluguru, mvua ya zaidi ya milimita 100 ilinyesha kwa saa tatu na kuangusha maporomoko zaidi ya 1,000. Yaliyoanzia msituni hayakufika hata asilimia moja, kwa kuwa mizizi ya miti hushona tabaka la juu na lile la chini. Kwenye Mlima Hanang, Desemba 2023, miamba dhaifu iliyolowa ilimeguka, na tope likaua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji jirani.

Siku hizi Dodoma kuna njia ya kuurudishia udongo miti, iitwayo Kisiki Hai, inayoenezwa na shirika la LEAD Foundation. Haihitaji mche wala kumwagilia. Mti uliokatwa zamani bado una mizizi hai chini, na kila mwaka huchipua vijiti ambavyo mbuzi hula au jembe hufyeka. Mkulima huchagua machipukizi machache yaliyonyooka, hupogoa mengine, hufunga kitambaa kwenye yaliyobaki ili kila mpitaji ajue yana mwenyewe, kisha hulinda. Mizizi ile ilishafika kwenye unyevu zamani.