Mwanga juu ya Bugarama una mashahidi wa nchi tatu

NYAKABUYE, Rusizi. Anayetoka Nyakabuye kabla jua halijachomoza, ndoo ya nyanya kichwani na simu mkononi ya kumulika njia, ana anga pana mbele yake. Chini ni bonde la Bugarama na mashamba yake ya mpunga. Ng'ambo ya Mto Rusizi ni Kamanyola na milima ya Kongo. Kusini, ng'ambo ya Ruhwa, ni Burundi, iliyofunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Nchi tatu, anga moja.

Saa hizo ndizo anga huonyesha mambo yake. Taa kumi au ishirini hupita kimya zimefuatana kama shanga kwenye uzi. Nyota moja kubwa huning'inia upande wa Nyungwe, haipepesi wala haizimiki. Mwanga mwingine husimama, hugeuka, kisha hupotea.

Zamani mambo kama hayo yalikuwa hadithi za kuota moto. Leo ni suala la mtaji. Vita vya mashariki mwa Kongo vimeleta droni, yaani ndege zisizo na rubani, na Desemba 2025 mapigano yalipofika Kamanyola watu walivuka kuingia Bugarama wakikimbia. Baada ya hapo, neno moja tu kwamba kuna kitu kinazunguka juu ya mto linatosha kumrudisha mchuuzi nyumbani na jeto yake mkononi. Nyanya hazingoji, sambaza wabichi ndio kabisa. Kama kile kitu kilikuwa nyota, hasara ile imeletwa na uvumi. Kama kilikuwa droni, uvumi umeokoa maisha. Atajuaje?

Nchi chache zimejaribu kujibu swali hilo kwa utaratibu. Marekani, kupitia mradi wa jeshi la anga ulioitwa Blue Book na miradi iliyoutangulia, ilikusanya taarifa 12,618 za vitu visivyotambulika angani kati ya 1947 na 1969. Ziligeuka kuwa sayari, ndege, baluni, vimondo na mizaha ya watu, isipokuwa 701 zilizobaki bila jibu. Ufaransa haijaacha hadi leo. Ofisi yake, GEIPAN, imo ndani ya shirika la anga la nchi hiyo mjini Toulouse na ilianza kazi 1977 kwa jina la GEPAN. Hupokea maelezo ya raia na askari, huyachunguza na kuyatangaza. Zinazoshindikana kabisa ni kama tatu katika kila mia.

Kushindikana si ushahidi wa wageni kutoka sayari nyingine. Mara nyingi maana yake ni kwamba shahidi alikuwa mmoja, au hakutazama saa.

Mkoa wetu nao una majalada yake. Asubuhi ya Februari 19, 1951, ndege ya East African Airways iliyotoka Nairobi kwenda Mombasa ilikuwa angani pale rubani wake, Jack Bicknell, mwendesha redio na abiria walipoona kitu kinachong'aa juu ya Kilimanjaro. Walikitazama kwa dakika 17, wengine kwa darubini. Nguvu ya taarifa ile ni kwamba saa ilijulikana, mahali ndege ilipo palijulikana, na mashahidi walikuwa wengi. Shirika lenyewe lilikuwa mali ya pamoja ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Lilivunjika 1977.

Linganisha na kisa cha Kongo mwaka uliofuata. Gazeti la Die Presse la Vienna liliandika Machi 29, 1952 kwamba visahani viwili vya moto vilizunguka juu ya migodi ya urani upande wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na rubani mmoja akavifukuza kwa ndege ya kivita. Habari hiyo ilitafsiriwa na kuhifadhiwa na shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Inasisimua, lakini yote yalifika Ulaya kama simulizi. Hakuna vipimo vya mashahidi wawili vya kulinganisha, na leo haiwezekani tena kuikubali wala kuikataa.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha Mbale, Uganda. Alasiri ya Agosti 14, 1992 mawe yalinyesha juu ya mji huo. Jiwe dogo la gramu chache lilipiga jani la mgomba, likadunda na kumgonga mvulana kichwani bila kumdhuru sana. Watafiti kutoka Uholanzi na wenzao wa Uganda walizunguka nyumba kwa nyumba wakiuliza lilianguka wapi, lilitoka upande gani, mlio ulisikika kabla au baada. Wakapata sehemu 48 yalikoangukia mawe na jumla ya kilo 150 hivi. Kwa majibu ya watu wa kawaida, wengi wao bila kifaa chochote, kimondo kilichorwa njia yake.

Kuna pia Makueni, Kenya. Desemba 30, 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku. Shirika la Anga la Kenya lilifika, likaichukua na kueleza kuwa ni kipande cha roketi. Hapa ndipo kuandika kunapogeuka fedha. Kwa mkataba wa kimataifa wa 1972, nchi iliyorusha chombo hulipa hasara kinayosababisha ardhini, lakini dai linatakiwa ndani ya mwaka mmoja tangu hasara itokee au mrushaji atambulike. Kanada ilipoangukiwa na setilaiti ya Urusi ya Kisovieti mwaka 1978, ilikusanya vipande na hesabu zake, na 1981 ikakubaliwa malipo ya dola milioni 3 za Kanada. Mwenye shamba la mpunga asiyeandika siku wala saa atadai nini?

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina chombo cha usalama wa usafiri wa anga, CASSOA, huko Entebbe. Rwanda ina shirika lake la anga, Kenya vivyo hivyo. Dawati la pamoja ambalo mchuuzi wa Bugarama na mwenzake wa Kamanyola wanaweza kulipelekea walichokiona halipo. Ajabu ni kwamba wawili hao, kila mmoja upande wake wa mto, wangeweza kumaliza nusu ya kazi wenyewe.

Kitu kikiwa chini juu ya Bugarama, aliye Nyakabuye atakiona upande wa kusini-magharibi, na aliye Kamanyola atakiona mashariki. Wakikiona wote upande uleule na urefu uleule, kiko mbali mno: mara nyingi ni nyota au sayari. Zuhura, ile nyota ya alfajiri, imedanganya watu wengi, marubani wakiwemo. Zile taa kama shanga kwa kawaida ni setilaiti za intaneti za Starlink, siku chache baada ya kurushwa. Huonekana alfajiri na magharibi kwa sababu huko juu jua linazipiga huku ardhini kungali giza. Mwanga unaosimama kwa dakika kadhaa kisha ukagawanyika kuwa taa mbili mara nyingi ni ndege inayokuja uso kwa uso, kwa mfano inayoelekea uwanja wa Kamembe.

Kinachotakiwa ni kidogo. Saa kamili kutoka kwenye simu. Upande, kwa kutaja mlima au mnara unaojulikana. Urefu kutoka upeo wa macho, kwa kunyoosha mkono na kuhesabu ngumi. Ngumi moja ni kama nyuzi kumi. Kilidumu dakika ngapi, kilitoa mlio au la. Na kila shahidi aeleze peke yake kabla hawajakaa pamoja, maana baada ya chai ya kwanza wote huwa wameona kitu kimoja.

Droni hujulikana kwa mlio na kwa kugeuka ghafla, lakini ya kijeshi ikiwa juu sana huenda isisikike kabisa. Ukimya pekee si sababu ya kuendelea na safari.

Kuna hatari nyingine ambayo Mfaransa anayejaza fomu Toulouse haijui. Mtu anayepiga picha anga la mpakani wakati wa vita, kisha akazituma ng'ambo, anaweza kuulizwa anamfanyia nani kazi. Kwa hiyo taarifa ya Nyakabuye inaanzia kwa mkuu wa mudugudu, kwa maneno, na saa iliyoandikwa kwenye daftari lilelile la madeni.